Fundi wa santuri Makoroboi: kazi anaijua, ila sikiliza herufi S kabla hujamlipa

Mimi si mtu wa kuandika habari za maduka. Ni fundi cherehani, nina mashine mbili Kirumba, hapa Mwanza, na Makoroboi huwa nakwenda kununua nyuzi, zipu na bitana, basi. Lakini mwezi huu nimekwenda mara nne kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Nimelipa nauli, nimelipa kazi, nimekaa kwenye benchi lenye msumari uliochomoza, kwa hiyo neno ninalo.

Huyo fundi yuko kwenye kichochoro nyuma ya wauza vitenge. Kibao hana. Utamjua kwa redio mbovu zilizopangwa mlangoni kama matofali, na juu yake feni isiyo na mapanga. Wengi wanampelekea sabufa na televisheni. Wachache ndio wanaojua kwamba nyuma ya pazia ana mashine ya kupigia santuri iliyounganishwa na kompyuta, na kwamba anaweza kukuhamishia santuri au kaseti yako ikaingia kwenye flashi. Mimi nilielekezwa na mteja wangu, mwalimu mstaafu, ambaye kaseti zake za kwaya zilikuwa zimeanza kuliwa na redio.

Santuri yenyewe si yangu, ni ya mama. Marehemu baba alikuwa mhudumu kwenye meli ya Victoria, ile iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Wakati huo meli ilizunguka ziwa lote, Kisumu, Mwanza, Bukoba mpaka Uganda, na mtu wa Magu kama baba alikuwa anakula chakula cha mchana nchi moja na cha usiku nchi nyingine bila kuonyesha karatasi. Kisumu ndiko alikoinunua. Ni santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo ni "Malaika". Gramafoni ya nyumbani ilikufa mimi nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo santuri imelala kwa mama, Nansio kisiwani Ukerewe, kwenye sanduku la bati, imeviringishwa kwenye khanga.

Mama sasa ana miaka 79. Mwezi wa saba akanipigia: "Mwanangu, nataka nimsikie yule kijana kabla sijaenda." Yule kijana si baba. Ni Fadhili William, aliyeuimba. Nikamwambia mama, mbona rahisi, nitakutumia kwenye simu ya mjukuu wako sasa hivi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ya kwenye simu ni ya watu. Mimi nataka ya kwangu."

Basi siku ya kwanza. Yule fundi, kijana tu, akanipa shikamoo yake vizuri, akanikalisha, akaifungua khanga kama anafungua mtoto. Hapo nilimpenda. Karatasi ya katikati ya santuri imeliwa na mende, imebaki nusu. Akaimulika kwa tochi ya simu akawa anasoma kilichosalia: juu "DHILI", chini yake "ADOWS". Akatabasamu. "Mama, hii ni ya 1963."

Nikamuuliza amejuaje. Na hapa lazima nimpe haki yake, kwa sababu kijana huyu, ambaye sidhani kama amefika miaka thelathini na tano, anaujua huo wimbo kuliko wazee wengi. Fadhili William, mtu wa Taita kule Kenya, aliyezaliwa mwaka 1938, aliurekodi kwanza karibu mwaka 1960 akiwa na Jambo Boys. Kisha mwaka 1963 akaurekodi tena akiwa na bendi nyingine, Black Shadows, na hiyo ya pili ndiyo iliyosambaa. Kwa hiyo hizo herufi tano ambazo mende hawakuzifikia, ADOWS, ndizo zilizotuambia mama ameweka nini sandukuni miaka yote hii. Nyumbani sisi tulikuwa tunaamini baba alinunua "ile ya kwanza kabisa". Baba alipenda kukuza mambo.

Bei yake: elfu 15 kwa santuri moja, nusu unatanguliza, flashi unaleta mwenyewe au unanunua kwake kwa elfu 12. Nilikwenda na ya kwangu. Risiti hatoi, anakuandikia namba kwenye kipande cha boksi la sigara. Msikipoteze hicho kipande.

Akaiosha mbele yangu. Maji ya kunywa ya chupa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na anafuta kwa kuzunguka, anafuata mifereji, hakatishi. Ni kama unavyopiga pasi satini, unafuata uzi. Nikamuuliza kwa nini hatumii spiriti ikakauka haraka. Akasema kwa hii ya plastiki pengine isingedhurika, lakini zile nzito za zamani, za mizunguko 78, spiriti inaziyeyusha, na yeye hataki mkono uzoee vibaya. Jibu la fundi hilo. Mimi pia mkasi wa kitambaa sikatii karatasi, hata kama hakuna anayeniona.

Akaniambia njoo kesho. Kesho yake umeme ulikatika. Kesho kutwa simu haipokelewi. Siku ya nne ndiyo nikaikuta tayari, na hapo ndipo malalamiko yangu yanaanza.

Akaniwekea kwenye spika. Wimbo unaanza, gitaa linaingia, Fadhili anaita malaika wake, na sauti inayumba. Inapanda, inashuka, inapanda, kama mtu anayeimba akiwa amesimama kwenye mtumbwi. Nikamwambia kijana, huyu malaika amelewa. Akasema, mama, santuri imepinda kwa uzee. Nikaichukua nikaiweka juu ya kioo cha meza yake. Imelala bapa, haina pa kuingiza hata kucha. Ndipo nikatazama mashine. Santuri za 45 nyingi zina tundu kubwa katikati, na ukitaka kuzipiga kwenye mashine yenye msumari mwembamba unahitaji kipande cha kuziba pale kati. Yeye chake kilipotea, akakata kizibo cha soda kwa mkasi. Jamani, mimi nakata viuno vya sketi kila siku, kitu kilichotobolewa nje ya kati nakijua kwa macho. Tundu likihama hata milimita moja, sindano inavutwa na kurudishwa kila mzunguko, na sauti inakwenda nayo. Nikamchorea duara kwenye karatasi, nikakunja mara mbili, nikamwonyesha kati ilipo. Akacheka mpaka akashika pazia. Lakini alikata kizibo kingine.

Mara ya pili sauti ilikuwa imetulia kabisa. Imetulia mno. Alikuwa ameipitisha kwenye ile programu ya kuondoa chenga, na akawa anajisifu: "Sikia mama, hakuna hata mkwaruzo, kama imerekodiwa jana." Kweli mkwaruzo hakuna. Lakini gitaa lilikuwa kama linapigwa chini ya godoro, na tulipofika pale kijana wa watu anapolia kwamba mali hana, masikio yangu yakasimama. "Rudisha," nikamwambia. Akarudisha. Badala ya "mali sina" nasikia "mali ina". Rudisha tena. "Mali ina."

Programu ilikuwa imekula S. Kijana alinieleza mwenyewe baada ya kukuna kichwa: mkwaruzo wa santuri na sauti ya S vinakaa juu huko pamoja, na ukiibana sana ile programu haitofautishi, inafagia vyote. Mimi nilichoona ni kwamba wimbo mzima umevunjika. Toa hiyo S na hakuna wimbo. Huyo kijana shida yake yote ni kwamba anapenda na hana cha kupeleka kwa wakwe. Sasa unamgeuza anaonekana anazo?

Nikamwambia, mwanangu, acha chenga zake zibaki. Mama yangu atazijua hizo chenga moja moja. Akabisha kidogo, kwamba wateja wanataka usafi. Lakini alifanya. Mara ya tatu aliondoa milipuko mikubwa tu, ile ya "pa!" inayoshtua, akaacha mvua ndogo ndogo nyuma. Na S imerudi. Yaani niliisikia pale kwenye benchi la msumari, "sssina", nikajikuta nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Kwa usumbufu, akaniongezea nakala nyingine tano za "Malaika" bure, za waimbaji mbalimbali. Haki zake amezipata wapi sikumuuliza, na ninyi msiniulize. Ila majina aliyoyaandika ni fujo. Ya mama ameiita "Malaika original mix final 3". Faili lililoandikwa Miriam Makeba nikalisikiliza nyumbani huku nasubiri sauti ya mwanamume iingie, kwa sababu ile ninayoijua mimi ya Makeba ameimba na Harry Belafonte. Mwanamume hakuja. Vinanda vya kisasa, sauti ya mama mwingine kabisa: ni Angélique Kidjo wa Benin, kutoka albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991. Makeba mwenyewe nikamkuta kwenye faili lililoandikwa "Boney". Ukienda kwake, hakikisha majina hapo hapo, usisubiri ufike Kirumba.

Kwa kuwa zilikuwa zinaniimbia nikiwa kwenye cherehani wiki nzima, acha niseme ninavyoziona.

Ile ya Makeba na Belafonte ilitoka kwenye albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Makeba alikuwa hana kwao wakati huo, serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilishamfutia pasi mwaka 1960, na nadhani ndiyo maana anavyoimba huo wimbo haisikiki kama mtu anayebembeleza mchumba. Inasikika kama mtu anayeaga. Ni nzuri mno na inanichosha. Siwezi kushona nayo, pindo zinaenda upande. Yeye ndiye aliyeupeleka wimbo duniani, aliuimba jukwaani miaka na miaka mpaka mauti yalipomkuta Italia mwaka 2008, usiku ule ule aliotoka jukwaani.

Boney M, wale wa Ujerumani, waliutoa mwaka 1981. Huo ndio tuliochezea disko shuleni, na sina la kuutetea isipokuwa kwamba nilikuwa kijana. Mdundo hauna habari na maneno. Mtu analia hana mahari, na nyuma yake watu wanapiga kiatu.

Kuna moja ya Hep Stars, kundi la Uswidi la miaka ya 1960 ambalo mpiga kinanda wake alikuwa Benny Andersson, aliyekuja kuwa mmoja wa ABBA. Vijana wa kizungu wanaimba Kiswahili kwa adabu, kama watoto wa Komunyo ya Kwanza. Niliwapenda bila kutarajia. Ya tano ni ya bendi ya hoteli tu, zile za "karibu mgeni", sikuimaliza.

Kidjo anaimba kwa nguvu na anapumua vizuri, lakini yeye na Makeba wote wana tatizo moja ambalo mama yangu aliligundua kabla yangu, nitalifikia.

Kuhusu nani aliutunga, fundi wangu ana msimamo na benchi lake lote lina msimamo. Fadhili William ndiye jina lililozoeleka kwenye santuri. Lakini wapo wanaoshikilia kwamba ni wa Adam Salim, Mtanzania, aliyeutunga Nairobi miaka ya 1940 kwa ajili ya binti aliyenyimwa. Wapo pia wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa, na wengine Grant Charo. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua redio yake aliapa kwamba ni wimbo wetu Watanzania na Wakenya walituibia, kijana mmoja wa saluni akamjibu kwamba mzee hata kumbukumbu ya redio yake hana, maana aliyoshika si yake. Kweli haikuwa yake. Mimi kwa upande wangu naona mtu yeyote aliyewahi kuhesabu ng'ombe asionao angeweza kuutunga. Fadhili alifariki Nairobi mwezi wa pili mwaka 2001, na ubishi amewaachia wenyewe.

Jumamosi nikapanda meli ya asubuhi kwenda Nansio, flashi nimeifunga kwenye leso, leso nimeifunga kwenye nguo ya ndani kama mauzo ya dagaa. Mjukuu akaichomeka kwenye sabufa. Nikaanza makusudi na Makeba, nione mama atasema nini.

Akasikiliza ametulia. Ilipofika pale anaposema angemwoa, mama akageuka: "Huyu mama anaoa?"

Nikasema mama, ndivyo wimbo ulivyo.

"Basi angesema angeolewa. Mwanamke anaoa na nini?" Na huo ndio ukweli. Makeba, Kidjo, wote wameyaacha maneno yalivyo, "ningekuoa", na kwa mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani haliumi. Kwa mama wa Ukerewe ni kama kuona mtu amevaa koti la mumewe kanisani. Hajatenda dhambi, ila utageuka.

Kisha nikaweka ya kwake.

Zile chenga zilianza kabla ya gitaa, na mama akanyanyua mkono kama anayemzuia mtu asiongee, wakati hakuna aliyekuwa anaongea. Kuna mahali karibu na mwanzo santuri ina mkwaruzo unaolia "tik, tik, tik" mara tatu. Mama alitikisa kidole mara tatu, akiwa amefumba macho, na kidole kilitangulia mlio. Mimi nilikuwa nimemwambia fundi atazijua, lakini nilisema tu ili kushinda ubishi.

Akaniambia habari ambayo sijawahi kuisikia. Baba alipokuja na ile santuri, mwaka 1965, alikuwa amekubaliwa na babu kwa ng'ombe sita, na mshahara wa melini ulikuwa unatosha mmoja. Akaja na santuri na gramafoni ya kuazima, akaupigia wimbo uani, babu akiwepo. Na alikuwa anauimba pamoja nao. Kwenye kile kipande cha kidege, baba alisema "hukuwaza", na mama alikasirika siku nzima, akidhani anaambiwa yeye hakumwaza baba. Mpaka baba alipomweleza kwamba mabaharia wenzake wa pwani husema hivyo wakimaanisha "mimi hukuwaza kila siku". Babu yeye hakuwa na shida ya lugha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo huyu anasema hana?" Baba akasema ndiyo. Babu akasema, "Na wewe?"

"Akaleta wanne," mama akasema. "Wawili mpaka leo."

Tuliurudia mara saba. Basi kwa mtu anayetaka kujua kama aende: nenda. Nampa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu imekatwa kwa simu isiyopokelewa, moja kwa kile kizibo cha soda na majina ya ovyo. Nenda na spika zako za masikioni, usikubali kusikiliza kwenye spika zake kubwa, zinaficha makosa. Mwambie mapema asibane ile programu. Kama wimbo una neno lenye S unalolipenda, lisikilize hilo.

Na kuna jambo moja ambalo si kosa lake, ni langu. Tulipomaliza ile mara ya saba, mama akamwambia mjukuu, "Haya, geuza."

Mtoto akachomoa flashi, akaigeuza, akaitazama upande wa chini, akamtazama bibi yake.

"Upande wa pili," mama akaniambia. "Kuna upande wa pili. Huo ndio baba yako aliupenda."

Upande wa pili karatasi yake imeliwa yote, hakuna hata herufi. Jina la wimbo mama halikumbuki, anakumbuka ulivyokuwa unaanza, akaniimbia kidogo kwa mdomo uliofungwa. Nimeurekodi huo mlio wake kwenye simu ili nimpelekee kijana. Santuri nimerudi nayo Mwanza, kwenye khanga ile ile. Jumatatu natoka mapema. Elfu saba na mia tano ya kutanguliza ipo tayari, na kizibo safari hii nakata mwenyewe.